Isale la Afande Melkior

Afande Melkior alilishika jani la isale kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba bakuli la mtori wa moto na hataki umwagike. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Sikuwahi kumwona bila buti na bereti yake, na kwa kitambo nilimwonea huruma kwa jinsi kola ilivyomkaba shingo. Baba alisimama kando yake. Mama alikuwa mlangoni, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilishaletwa mezani, kwa sababu kwetu isale likiingia ndani linapokelewa, watu wanakunywa, na maneno yanaisha.

Jani lilielekezwa kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na nane.

Mgeni akipita Kibosho anaweza kudhani isale ni mmea wa pambo la mipakani. Ni kweli linapandwa mipakani, na makaburini pia. Lakini aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba msamaha, halikataliwi. Nimekua nikisikia habari za waliokataa: mmoja ng'ombe wake walikauka maziwa, mwingine alikosa uzazi, mwingine alianguka tu njiani akitoka misani. Sisi Wachagga tunapenda ushahidi, na katika jambo hili ushahidi haujawahi kukosekana.

Na ukishalipokea, umelifunga jambo. Hutalisema tena wala hutaliuliza.

Kikosi chetu kilikuwa cha kadeti wa kijiji, vijana tuliopiga kwata kila Jumamosi alfajiri kwenye uwanja wa mnada wa zamani. Afande Melkior aliwahi kuwa askari, na alijuana na watu. Kila mwaka alipeleka wawili watatu kwenye mafunzo ya askari wa hifadhi, na walichukuliwa. Baba alibeba mizigo ya wazungu mlimani hadi magoti yakagoma. Ndoto yake ilikuwa niupande mlima ule ule nikiwa na bunduki begani badala ya begi la mtu kichwani. Ilikuwa ndoto yangu pia, sitamsingizia.

Wanaouliza kwa nini hatukuondoka mapema hawajawahi kupiga kwata. Hawajui raha ya visigino vingi kugonga ardhi kwa pamoja, hasa kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna anayemsikiliza. Adhabu tulizijua. Kuruka kichura, kubeba mawe, kusimama ndani ya mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshusha maji ya msituni kwenye vihamba vyetu vya migomba. Ukitoka humo unatetemeka, wenzako wanakucheka, na wiki inayofuata unamcheka mwingine. Tulijiona mashujaa.

Tito alisimama mbele yangu mstarini. Alikuwa mtoto pekee wa Mama Tito, mjane aliyeishi chini kidogo ya kwetu, na alikuwa na kipaji cha kucheka wakati usiofaa. Jumamosi moja ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye majani ya migomba, mbuzi wa jirani aliingia katikati ya gwaride akatufuata, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa heshima zote. Sote tulicheka. Tito alicheka kwa sauti.

Afande akamwamuru aingie mfongoni, kisha apige magoti, na maji yakamfika kifuani. Tito alikuwa na pumu. Afande alijua, tena yeye ndiye aliyemtunzia dawa yake ya kuvuta, kwenye mfuko wa shati, ili isipotee wakati wa mazoezi. Tulisimama tukitazama. Hakuna aliyetoka mstarini kwa kuwa hakuna amri iliyotolewa, na hilo ndilo tulilofundishwa. Afande alipoona midomo ya Tito inabadilika rangi, alirukia majini mwenyewe na buti zake, akamtoa, akampa dawa, akamvika koti lake. Alimpakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali akiwa amemkumbatia. Hakuiona Jumapili.

Tulimzika mgombani kwao, tukiwa na sare. Afande alilia kuliko mtu yeyote, na sidhani kama aliigiza. Kabla udongo haujakauka alipeleka isale kwa Mama Tito. Sebule ilijaa wanaume wenye makoti, na yeye mwanamke mmoja katikati. Akalipokea. Angefanya nini? Kisha Afande akaanza kupita nyumba za kadeti, moja baada ya nyingine, maana alisema ametukosea na sisi kwa kutuonyesha jambo lile. Nyumba zote zikapokea. Baba aliomba ya kwetu iwe ya mwisho, mbege iive kwanza.

Jumamosi iliyofuata mazishi tulirudi uwanjani. Mbele yangu palikuwa wazi. Afande alipaangalia, akaangalia kando, halafu akasema bila kupaza sauti, "Jazeni nafasi."

Nikapiga hatua moja mbele. Baridi ikanipanda kutoka nyayoni hadi kifuani, ikakomea hapo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nyuma yangu nao wakasogea, na mstari ukawa mzima, umenyooka, mzuri. Asingejua mtu kwamba kuna aliyepungua. Tulipoanza kutembea nilisikia mtu akipumua mbele yangu, kwa shida, kwa filimbi ndogo ile ya kifuani niliyoizoea, na mbele yangu hapakuwa na mtu.

Niliisikia tena kitandani, na jikoni, na siku moja kanisani katikati ya sala. Sikumwambia mtu. Nilikaa na simu mkononi jioni nzima, nikiwaza magoti ya baba na ile bunduki begani, kisha nikaondoka kwenye kundi la kadeti la WhatsApp. Kila mtu aliona. Theopista ameondoka. Haikupita hata robo saa Jesse, aliyekuwa kiongozi wetu, akanipigia.

"Theo, acha utoto bana. Ukitoka wewe, wote watatoka. Na mwaka huu jina lako liko juu kabisa."

"Najua," nikamwambia.

"Sasa?"

Nikakata simu.

Basi ndiyo maana Afande alikuwa amesimama sebuleni kwetu na jani lile.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kama mzazi. Nimekosa. Lipokee, na Jumamosi urudi uwanjani."

"Mimi hujanikosea, Afande."

"Nimekukosea. Uliona."

Hilo lilinigusa, maana lilikuwa kweli, na aliyelisema alikuwa amekonda. Ningeweza kumsamehe siku ile ile. Nilichoshindwa ni kile kinachofuata: tukinyamaza nyumba zote, Tito atakuwa amekufa kwa baridi tu, kama kifaranga.

"Theopista," baba akasema. "Isale halikataliwi."

Mikono yangu ilikuwa mgongoni, kiganja juu ya kiganja, miguu imetanuka. Nilikuwa nimesimama mguu pande bila kujijua. Afande aliliona hilo kabla yangu. Akasema taratibu, karibu kwa kubembeleza, "Mguu sawa."

Visigino vyangu vikagongana. Aibu ya sauti ile sitaisahau, ndani ya nyumba ya mama yangu, mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu. Lakini kwenye mguu sawa mikono hushuka ubavuni, na haiendi mbele mpaka uamriwe. Nikaiacha huko, ngumi zimefungwa.

"Naomba ruhusa kutoka kikosini, Afande."

Alisubiri. Alimtazama baba, na baba akatazama sakafu, kwa kuwa mtu hapokei isale la mwenzake. Mwishowe aligeuka akatoka, akashuka njia ya mgombani bado amelishika kwa mikono miwili, na hakuwa na pa kulipeleka. Mama aliimwaga mbege ile nyuma ya nyumba. Baba hakuniambia neno hadi mavuno ya kahawa yalipokwisha.

Kikosi kilikufa kabla ya mwaka kuisha. Afande Melkior alihamia Tarakea kwa dada yake, nasikia anauza maharage mpakani. Mimi sikushika bunduki yoyote. Nina duka la spea za pikipiki Moshi mjini, na mlima nauona wakati mawingu yakipenda. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, shangazi alisema neno moja tu, isale. Nilimchukia, na nilimwamini. Kuna siku bado namwamini. Na Julai ikifika, nikifungua duka asubuhi, kuna mtu anapumua mbele yangu.

Krismasi iliyopita nilipanda nyumbani kama kila mwaka. Mama Tito alinipigia simu niende kwake. Nilikuta anamenya ndizi. Alinipa kigoda, akafunga mlango, akaendelea kumenya bila kuniangalia.

"Mimi nilipokea," akasema. "Siwezi kumuuliza mtu. Na kijiji kizima kilipokea, hakuna wa kunisimulia. Miaka yote hii wananisalimia vizuri tu, wananiletea maziwa, wanapita."

"Ndiyo, mama."

"Lakini wewe hukupokea kitu. Wewe kinywa chako ni chako." Akachukua ndizi nyingine. "Mimi sikuulizi. Niko hapa namenya ndizi zangu."

Nikamsimulia. Nilimweleza ukungu, mbuzi, kicheko. Na nilipofika kwenye kicheko, mabega yake yalitikisika kidogo, akatabasamu. Nilimweleza maji yalimfika wapi. Nilimweleza sisi tulisimama wapi na Afande alifanya nini, cha ubaya na cha wema, bila kuongeza wala kupunguza. Ndizi zilikuwa zimeshatosha watu kumi, naye anamenya tu.

Nilipomaliza alichukua ndizi nyingine, asiimenye. Halafu akavunja mwiko wake.

"Aliniita?"

Kwa miaka yote sikuwa nimelitamka jambo lile, hata peke yangu.

"Alikuita, mama. Mara moja. Kwa sauti ndogo."

Mama Tito akaweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye khanga, akageukia dirisha linalotazama mgombani, akaitikia:

"Abee, baba."