Mota Mlafi na Kiti cha Bibi

...haya, usiamini, Lupe, cheka mpaka mbavu ziume, lakini betri hii moja ya lori inalisha mota na ubongo wake, kile kikompyuta kinachomwongoza, pamoja na hakuna kinachozimia, na nimeiunda mimi, niliyewaachia shule yenu mapema, kisiwa kizima cha Vava'u nitajie mwingine... kidole kiko juu ya kitufe, Bibi kakaa pale juu barazani kwenye kiti kinachoning'inia kwa kamba ya mota, kimteremshe aende kanisani, mkeka wa heshima kauvaa kiunoni, tangu miguu imkatae kwaya anaisikia ikiletwa na upepo tu, na leo wanaimba wimbo alioutunga marehemu babu, "Bonyeza, mjukuu wangu, wataanza bila mimi," nabonyeza, Bibi, nabonyeza... mgongo unauma, macho kama yametiwa mchanga, wiki nzima napigana na huyu mota mlafi, akiamka tu anameza umeme wote, ubongo unabaki na njaa, unazimia, ukizinduka umesahau kuna kiti hewani, unalegeza breki, gunia la magimbi nililolijaribia badala ya Bibi likaanguka likapasuka, na Lupe, binamu gani huyu, akaliinamia gunia, "Pole, Bibi, umeumia wapi?"... basi nikampa mota nyaya zake nene, moja kwa moja kutoka betrini, na fyuzi yake, ubongo nao njia yake nyembamba, kupitia kipunguza umeme, na kapasita ya kuuwekea akiba, halafu nyaya hasi za wote wawili zikutane betrini tu, si kwingine, jana magimbi yakateremka kama bibi harusi... "Semisi, umelala au unasali?" Lupe huyo, "Nasali uote adabu!"... ngoma ya kanisa inalia, ya mwisho hiyo, mjomba Fifita ametangulia na ufunguo wa sanduku la zana mfukoni, shemasi yule, Jumapili hata spana haigusiki... Bibi ananitazama, haogopi hata kidogo, hilo ndilo linalonitesa... kwa sababu kuna kipande sikukisema, Lupe, magimbi yaliposhuka nilizifungua nyaya nizipange zipendeze, waumini wakipita wanisifu, mjomba akafunga sanduku sijamaliza, nati ya waya hasi wa mota nimeikaza kwa vidole, vidole tu, ikilegea umeme wa mota utatafuta njia ya kurudi kupitia kwenye ubongo, uuchome, breki ilegee, na Bibi yuko hewani... "Mjukuu wangu?"... kidole bado kiko juu ya kitufe, na mdomo huu, unaojua kusema kila kitu, unatafuta maneno matatu tu, si leo, Bibi.