Mshale wa Kurudi

Mwanamke aliingia ofisini kwetu Jinja bila kubisha, mahindi ameyafunga kwenye leso, mlinzi akimfuata nyuma.

"Afande, niache. Nimetoka Busiu. Namtaka yule anayechora."

"Ni mimi, mama. Naitwa Gaster," nilisema, kwa fahari kidogo. Nilikuwa na miezi mitano ya majaribio kiwandani, na tayari mchoro wangu ulikuwa unaongoza ununuzi wa mahindi kwenye ghala letu la Mbale: visanduku, maswali, mishale. Kompyuta ya ghala ilifuata kila mstari.

"Mimi Namono. Wamekataa mahindi yangu kule Mbale. Nionyeshe niko wapi humo."

Nilifungua mchoro. Unyevu umezidi asilimia kumi na nne? Ndiyo. Mshale ukaingia kisanduku chekundu: kataa, funga jina mpaka msimu ujao.

"Halafu?"

"Basi. Unaishia hapo."

"Mzee Geresom wa mizani pale ghalani alikuwa akitupatia turubai uani. Unaanika siku mbili, anapima unyevu tena. Miaka yote! Ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Sheria zote nilizichora hapa hapa Jinja, na meneja, chini ya feni.

"Amesoma mpaka amesahau jua linakausha," Namono alimwambia mlinzi, naye akacheka. Namono mwenyewe hakucheka. Mavuno yake yote yalikuwa barazani, chini ya bati linalovuja.

"Nitachora mshale wa kurudi," nikamwahidi. "Nitakuletea mwenyewe, Busiu."

Meneja Norman hakuinua hata macho. "Mchoro umesainiwa. Ukiugusa, kazi huna."

"Bosi, ni mshale mmoja tu."

"Na barua yako ya kazi ni karatasi moja tu."

Nikambembeleza siku tisa. Zote mvua ilinyesha. Siku ya kumi nikachora: anika, pima tena, fungua jina. Kufika saa sita mchana nilikuwa nje ya geti, sina kazi. Lakini mshale wenyewe, Norman aliuacha. Kiwanda kilitaka mahindi.

Nikapanda gari hadi Busiu, mchoro umekunjwa mfukoni. Namono alikuwa barazani akichambua mahindi. Mengi yalikuwa yameota ukungu wa kijani.

"Jina lako limefunguliwa, mama."

Alitazama magunia, kisha mimi. "Na kazi yako?"

Nikatoa mchoro mfukoni. Akafuta mikono kwenye gauni lake la gomesi.

"Lete. Uko wapi huo mshale?"

Nikamwonyesha. Akaufuata kwa kidole, polepole, mpaka ulipofika kwenye kisanduku cha mizani.