Jicho la Kushoto la Scholastika

Scholastika wa Ikungi alikuwa refa wa pembeni mwenye mbio na msimamo, ila macho, jamani, macho hayakumsaidia. Msimu uliopita miwani ilimdondoka akikimbia na mstari, goli la wazi likampita, uwanja mzima ukamzomea. Mwenyekiti wa marefa, Mwalimu Enock, hakupindisha maneno. "Mwisho wa Juni nakupima macho bila miwani. Ukishindwa, bendera nakunyang'anya."

Na bendera ndiyo ilikuwa maisha yake. Mwezi wa nne akauza mbuzi wake wote, akaenda Dodoma kufanyiwa leza. Daktari Kauthar alimkwangua ngozi nyembamba ya juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, leza ikakinyoosha, kisha akamvika kila jicho lenzi laini ya kulinda kidonda.

"Ngozi itaota upya kwa siku tano. Kaa hapahapa mjini mpaka nizitoe lenzi. Usipikiche, na usitie chochote nisichokupa mimi."

"Sawa, daktari."

Sawa! Sote tunaijua sawa ya mgonjwa anayetaka kurudi kwao. Kesho yake tu alikuwa kwenye basi la Ikungi.

Siku ya tatu lenzi ya kushoto ikachomoka. Loo! Jicho likawaka kama limetiwa pilipili. Bibi Yasinta, aliyemlea tangu mdogo, hakuweza kuvumilia kilio kile. Akaleta asali ya nyuki wadogo, ambayo kwao kila jicho linaloumwa hutiwa, la mtoto na la mzee.

"Lala chali, mjukuu wangu. Hii haijawahi kunishinda."

Scholastika akalala chali mwenyewe, na akili zake timamu. Kwa hiyo msimlaumu bibi peke yake.

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu, linatoa usaha, na katikati ya konea pana doa jeupe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wakapanda basi la kwanza, yeye na bibi.

"Mmetia nini?" Daktari Kauthar aliuliza, akiinuka kwenye mashine yake.

"Asali, mwanangu," bibi akawahi kujibu. "Niliyeitia ni mimi."

Daktari akashusha pumzi. "Shikamoo, bibi. Kidonda hiki hakikuwa na ngozi ya kukilinda, vijidudu vimeingia. Doa hili likiacha kovu hapo katikati, jicho litaona ukungu maisha yake yote."

Bibi alilia. Halafu akafuta machozi kwa kanga, akauliza swali la maana. "Dawa inatiwa mara ngapi?"

"Kila saa."

Scholastika akalazwa. Bibi Yasinta hakujua kusoma saa, lakini alikuwa na redio ndogo ya betri. Kila redio ilipotangaza saa, tayari alikuwa amenawa kwa sabuni, chupa ya dawa iko mkononi. Wauguzi wakamtania kwamba watamwandika kwenye zamu. Polepole usaha ukakauka, ngozi ikaota kutoka pembeni kuja kati, doa likaanza kufifia.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, dawa nyingine ziliendelea. Kila asubuhi Scholastika aliziba jicho la kulia, akajaribu kusoma kalenda ukutani. Wiki ya kwanza aliona ukuta tu. Alikata tamaa? Alikata, tena mara nyingi, lakini matone hakuyaacha hata siku moja.

Mwisho wa Juni wakaenda Singida mjini, ofisi ya marefa. Bibi akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Jicho la kulia lilipita kirahisi. La kushoto likashuka bango la herufi mstari kwa mstari mpaka wa mwisho.

Mwalimu Enock akamtolea macho. "Umekariri, wewe!"

Akabandua bango lile, akatoa kabatini jipya, akalibandika. "Haya, soma hili."

Akasoma. Juu mpaka chini, hakukwama popote. Herufi zilipoisha akaendelea na maandishi ya pembeni, yale madogo kama chawa: jina la kiwanda, mwaka wa kuchapwa, namba ya simu...

"Inatosha, dada, inatosha!" Mwalimu Enock alicheka mpaka akakaa. "Jumapili una mechi."

Scholastika akatoka mbio, akapiga magoti mbele ya benchi. "Bibi, limepona. Limepona kabisa!"

Tangu siku ya asali bibi alikuwa akilitazama jicho lile kwa woga tu. Sasa akamshika mjukuu wake mashavu, akalitazama waziwazi, na vigelegele alivyopiga viliwatoa makarani wote nje.