Barua ya Mwaka Mmoja

Binti wa fundi cherehani hakuwa na wakili hata mmoja katika ukoo wao, na bila wakili wa kukusimamisha mbele ya jaji, huapishwi kuwa wakili. Kwa watu kama yeye, bodi ya wahitimu wa zamani wa chuo cha sheria ilijitolea: mwanafunzi inamtafutia vitabu na mahali pa mafunzo ya kazi, mhitimu inamtafutia mdhamini. Bodi ilikuwa na moyo mzuri na fomu mbaya. Barua ya udhamini ilitungwa zamani za kale, na kila mwaka mawakili waliitia saini bila kuisoma: "Ninamfahamu mwombaji kwa muda usiopungua mwaka mmoja."

Mdhamini aliyetafutiwa binti huyu, mama wa makamo ambaye mawakili wenzake walimwita Radi kwa sauti yake, alikutana naye kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kuapishwa, kwenye korido ya mahakama. Alimrekebishia kola, akamwambia, "Tulia mwanangu, ni dakika tano tu hizi."

Jaji aliinua barua. "Binti, wakili huyu anakufahamu tangu lini?"

 Nyuma ya binti, mama yake alikaa ukingoni mwa benchi, duka lake la kushonea amelifunga, majirani wote ameshawatangazia. Akisema kweli, anajiangusha mwenyewe na kumchongea mtu aliyemtendea wema. Akidanganya, dakika moja baadaye atainua mkono na kuapa kuwa mkweli. Aliogopa, tena vibaya sana.

"Tangu saa mbili asubuhi, Mheshimiwa."

Karani aliacha kuandika. Radi akasimama, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. "Ni kweli, Mheshimiwa. Nilitia saini bila kusoma. Kosa ni langu, yeye hana hatia."

"Hilo utalijibu kwenye kamati ya nidhamu," jaji alisema. "Binti, siwezi kukuapisha bila mtu anayekufahamu. Rudi kikao cha mwakani."

Binti aliinamisha kichwa, akatoka bila kumtazama mama yake.

Radi alimfuata yeye na mama yake mpaka kwenye ngazi, akihema. Binti alifungua mdomo kuomba radhi, wakili akamkatiza.

"Kesho asubuhi uje ofisini kwangu. Utafanya kazi na mimi kila siku. Mwakani jaji akiuliza, na kama watakuwa wameniachia leseni, nitajibu mimi."