Mwaka Baba Alipokubali Kuwa Kaiser

Mwaka jana baba yangu alikosa shabaha kwa makusudi, na kijiji kizima kiliona. Ndege wa mbao alikuwa ananing'inia juu ya mlingoti kwa msumari mmoja tu. Zamu ikawa ya baba, na risasi yake ikaenda mawinguni.

Kwetu Sauerland, Ujerumani, anayemwangusha ndege huyo kwenye sherehe ya chama cha walenga shabaha huwa mfalme wa mwaka, na papo hapo humtaja malkia wake. Akimwangusha tena mwaka mwingine, huitwa Kaiser, yaani mfalme mkuu. Baba alikuwa mfalme miaka ishirini iliyopita, na malkia wake alikuwa mama. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, na chama hakina Kaiser asiye na malkia.

Asubuhi ya sherehe mwaka huu nilimkuta baba jikoni, ameshavaa koti la kijani, mkate hajaugusa.

"Leo utapiga, Baba?"

"Kupiga nitapiga."

"Unaogopa kumtaja mtu."

Alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Jina la mama yako, Mechthild, liko kwenye mkufu wa chama, kwenye bamba la mwaka wetu, kando ya langu. Nikitaja mwingine, mwanangu, ni kama nimemfuta."

Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nihitimu chuo kikuu. Sikuwa na kazi, ila historia ya maneno ilinijaa kichwani. Nikampa nilichokuwa nacho.

"Unajua Kaiser lilikuwa jina la mtu? Kaisari, yule Mrumi. Alipouawa, waliomfuata walilibeba jina lake, mmoja baada ya mwingine, mpaka likawa cheo. Wahenga wetu wakalichukua kwa Warumi. Miaka elfu mbili, Baba! Hakuna aliyelibeba akamfuta wa kwanza. Kama wangeogopa kulibeba, ndipo lingekufa."

"Haya, mwalimu," akasema, akauma mkate.

Adhuhuri ndege alikuwa amebaki bawa moja na kiwiliwili. Baba akaishika bunduki.

"Ansgar!" akapaza sauti Lütke, mwoka mikate. "Mwaka huu lenga ndege! Malaika umeshawatisha vya kutosha!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alivuta pumzi, akapiga, na ndege akaanguka kwenye nyasi, bawa na kiwiliwili pamoja.

Bendi ilipiga wimbo wa ushindi, kisha ikanyamaza. Nahodha wa chama akasogea na mkufu wa fedha. "Kaiser wetu, malkia wako ni nani?"

Baba akavua kofia. Midomo yake ilianza jina la mama, niliiona. Kisha akamgeukia Gudrun, mjane wa jirani yetu, aliyekesha na mama hospitalini wiki zake za mwisho.

"Gudrun, wewe ndiye uliyemshonea Mechthild gauni lake la kimalkia. Utatembea nami?"

Gudrun alifuta macho kwa kiganja. "Nitatembea. Ila usinikanyage vidole wakati wa kucheza kama ulivyomkanyaga yeye. Alinilalamikia mwaka mzima."

Nahodha akamvika baba mkufu. Baba aliyapapasa mabamba ya fedha kwa kidole gumba, mpaka akalifikia la mwaka wake na mama. Lilikuwa limegeukia ndani. Akaligeuza jina la mama litazame nje, akampa Gudrun mkono, wakaongoza maandamano.