Mafuta Kwenye Boriti ya Saba

Asubuhi ile kiwandani, nyaya zinazokaza boriti za zege za daraja zilipokwisha kukatwa kwa moto wa gesi, nilipiga magoti kwenye ncha ya boriti ya saba nikaanza kupima. Waya uliovutwa kwa jeki ukiachiwa hutaka kurudi urefu wake, na zege ndilo huushika usirudi. Waya wa kwanza ulikuwa umezama ndani robo inchi nzima. Wa pili vivyo hivyo. Nikapima tena, nikitamani niwe nimekosea.

"Vipi, binti, unaiombea?" Dwight wa jeki alinitania. "Chuoni ndivyo walivyokufundisha?"

Niligusa waya kwa kidole, kikateleza. Sisi hupaka kalibu, lile umbo la chuma la kumwagia zege, mafuta kwanza, ndipo tutandaze nyaya. Hapa mafuta yalipuliziwa nyaya zikiwa zimeshatandazwa, zege likashindwa kuzishika, kosa ambalo hata kibarua wa wiki moja halifanyi. Na aliyepulizia boriti ya saba alikuwa Lowell Vondracek, mwenye miaka thelathini na moja kiwandani, aliyenifundisha kazi.

Nilimkuta kibandani akinywa kahawa.

"Mzee Lowell, jana mafuta ulipuliza saa ngapi?"

"Kabla ya nyaya, mwanangu. Swali gani hilo?"

Nikamwonyesha kidole changu. Alikinusa, akaweka kikombe chini.

"Zimeingia kiasi gani?"

"Robo inchi. Zote."

Nje Dwight alikuwa akicheka na wenzake.

"Naweza kusema tumeletewa nyaya mbovu," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno.

"Thubutu! Watu watapita juu ya hiyo boriti na watoto wao."

"Watakuondoa, mzee."

"Najua." Alijifuta uso. "Jumapili nilimuuliza mke wangu Dorothy mbona mama yake haji kula. Mama yake tulimzika mwaka juzi. Dorothy alilia, mimi nikadhani nimemuudhi kwa jingine." Akanisogezea kalamu na fomu ya ukaguzi. "Andika. Ila uandike wewe, siyo yule Dwight mpiga domo."

Niliandika: robo inchi, nyaya zote, mafuta. Kwenye nafasi ya jina la fundi mkono ulikataa, hadi aliponitajia mwenyewe herufi moja moja, polepole, kana kwamba ninaandika jina la mgeni.

Kabla ya saa sita msimamizi alikuwa amemwita na kumwachisha kazi. Lowell alitoka na mfuko wake, akasimama kwenye lango la maegesho, akatazama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Nikavaa koti, nikaenda kumwonyesha gari lake.