Slaidi ya Mwisho ya Kitindamimba

Kitindamimba wetu alikufa kwa ugonjwa wa kurithi: kolesteroli ilijazana ndani ya seli zake, ikakosa pa kutokea. Mimi ni fundi wa maabara. Seli za ngozi yake tulizikuza humu humu, kwa idhini yangu na ya baba yake. Tulipomzika, zenyewe ziliendelea kugawanyika kana kwamba hazijapata habari.

Kisha ukungu ukaingia kwenye chupa tulimozikuzia. Ikabaki slaidi moja, kipande cha kioo chenye seli zake za mwisho.

Nikaitia rangi. Rangi hii hujipenyeza kwenye utando wa mafuta unaoizunguka seli. Utando ukiwa laini hung'aa kijani, kolesteroli ikiukaza hung'aa buluu. Ila haivumilii taa. Kadiri unavyoimulika ndivyo inavyofifia, na ikishafifia hairudi. Kwa hiyo kwetu sheria ni moja: kamera kwanza, macho baadaye.

"Mama watoto, nipishe," alisema mume wangu. Alikuja na suruali yake ya useremala, vumbi la mbao magotini.

"Picha kwanza. Daktari wake anaisubiri."

"Picha zake ninazo ukuta mzima. Nataka kumwona yeye."

Nilitaka kukataa. Nikampisha. "Chungulia, kisha uinuke."

Aliinama kwenye hadubini. Kisha akacheka puani. "Kumbe buluu. Na alivyoichukia sare ya buluu."

"Akaigeuza nje ndani makusudi."

"Akasema mwalimu ndiye haoni vizuri."

Tulicheka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kamera.

"Haya, baba, inuka."

Hakuinuka. Mabega yalianza kumtikisika, na mimi, ninayewafokea wanafunzi kwa kuchelewa kuzima taa kidogo tu, nikaiacha iwake.

"Anafifia," alisema.

"Si yeye. Ni rangi."

"Ongeza taa."

"Taa ndiyo inayoimaliza."

Akainua uso. "Kwa hiyo nimemmaliza mimi, kwa kumtazama?"

"Mimi ndiye niliyekuachia."

Nilipiga picha. Ikatoka nyeusi tii. Daktari atanisema, na atakuwa na haki.

Mume wangu alirudisha jicho kwenye lenzi. Nilimsogezea kigoda, nikazima kamera. Taa sikuizima.

"Unaona nini?"

"Hakuna kitu."

"Haya," nikasema. "Ukimaliza, nipishe na mimi."